Jiko kuu, duka la bei ya makubaliano au mashine ya kusaga: mbia yupi wa chakula anafaa mtaa wako hapa Mwanza?

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao cha mtaa huku Igogo, chini ya mwembe, watu kama arobaini hivi, ajenda moja tu, chakula. Kuna mdau kaleta barua anataka kuingia ubia na mtaa pamoja na halmashauri, mwenyekiti kaisoma yote mpaka mwisho, watu wakapiga makofi, halafu mzee mmoja kule nyuma akauliza, "Sasa bei ikipanda Januari nani analia?" Kimya. Yaani kimya kabisa, mwenyekiti akaanza kuikunja barua taratibu. Nimerudi nyumbani lile swali halinitoki, ndo nikaamua niandike hii, maana najua sio sisi tu, kamati za shule na vikoba na wenyeviti wa mitaa kuanzia Buhongwa mpaka Pasiansi mnaletewa au mtaletewa barua za hivi hivi, na barua ikiwa na nembo ya rangi watu wanasaini haraka kabla hawajaiweka pembeni ya nyingine wakalinganisha.

Mi nitalinganisha aina tatu za ubia ambazo ndo zinazungumzwa zaidi. Jiko kuu la kupikia shule kama wanavyofanya Nairobi. Duka linalopewa eneo la halmashauri kwa masharti ya bei, hili wenzetu wa Brazil wana miaka 30 nalo. Na mashine ya kusaga ya mtaani inayowekewa kifaa cha virutubishi, hii ipo hapa hapa Tanzania. Na kote nitalirudia swali la yule mzee, mnivumilie.

Kwanza tuelewane njaa ya mjini ikoje

Mwanza chakula kipo. Amka asubuhi uende Mwaloni pale Kirumba uone magunia ya dagaa yalivyopangwa, mchele unaingia toka Kahama na Sengerema, ndizi toka Bukoba, machungwa ya Ukerewe, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa malori ya toka Sengerema na Geita hayapangi tena foleni ya kivuko. Kinachokosekana ni hela mfukoni. Wilaya zetu mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, ukizijumlisha kwenye sensa ya 2022 tulikuwa zaidi ya milioni 1, na wengi wetu tunakula kwa hela iliyopatikana siku hiyo hiyo, usipopata kibarua leo, leo leo sufuria linalala kichwa chini.

Sasa angalia manunuzi yenyewe. Mwenye mshahara anabeba kiroba cha kilo 25 mwezi unaisha. Jirani yangu anayebeba mizigo anatuma mtoto dukani na daftari: unga nusu, mafuta ya kupima, dagaa fungu moja, mkaa kopo, nyanya mbili. Ukikaa na kalamu mwisho wa mwezi ukagawa kwa kilo utakuta yule wa kupima ndo kalipia bei kubwa kuliko mwenye kiroba, na kopo lenyewe kitako kimebonyezwa ndani! Wazee wetu Usukumani walikausha viazi wakaweka michembe na matobolwa ya kuvukia miezi mibaya, ila wewe uliyepanga chumba kimoja huku juu kwenye mawe ghala utaliweka wapi, chini ya kitanda kuna ndoo za maji.

Halafu kuna majira. Kuanzia Novemba mpaka Machi hivi bei ya mahindi inapanda, Januari ndo ada za wakubwa, sare, kodi ya nyumba, vyote kwa pamoja. Dagaa nao wana kalenda yao, mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii ziwani maana taa hazivuti dagaa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku fungu linapungua ukubwa kwa bei ile ile. Mvua ikinyesha mfululizo wanaoanika mchangani wanapata hasara, dagaa wanaoza, bei inapanda tena. Mtu anayekuletea ubia wa chakula Mwanza na hajui mbalamwezi ni nini, muulize maswali mengi.

Nakumbuka hii ilitukuta. Shule wanayosoma watoto wangu, wazazi tulikubaliana kuchangia chakula cha mchana, tukampata mfanyabiashara mmoja, simtaji, mwezi Juni mahindi yakiwa chini tukapatana naye bei ya mwaka mzima ya unga na maharage. Tulifurahi sana tukajiona wajanja. Julai akaleta, Agosti akaleta, Oktoba akaleta kwa kuchelewa, shule zikafunga. Januari tunafungua, mara mzigo uko njiani, mara gari limeharibika Shinyanga, mara simu haipatikani. Mkataba wetu ulikuwa karatasi ya daftari, sahihi nne, hakuna hata mstari mmoja unaosema bei ikibadilika tunafanyaje. Watoto wakarudi kwenye maandazi ya mia mia. Kwa kweli simlaumu yeye peke yake, angeleta kwa bei ile angefilisika, sisi ndo tulimpa mzigo wote wa hasara mtu mmoja halafu tukashangaa kaukimbia.

Jiko kuu

Hii ndo inayopendwa kwenye barua kwa sababu ina picha nzuri. Nairobi mwaka 2023 kaunti chini ya gavana Sakaja ilianzisha mpango wa Dishi na County wakishirikiana na shirika linaitwa Food4Education, ambalo Wawira Njiru alilianzisha 2012 kule Ruiru akilisha watoto 25 tu. Kaunti ikatoa maeneo na hela za kujenga majiko, shirika likaleta utaalamu wa kupika na kusambaza. Mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, anaweka kwa simu, mtoto anavaa mkanda mkononi anaugusisha kwenye kifaa anapewa chakula, huoni nani kalipa na nani kalipiwa. Pale mwanzo kaunti ilisema inaongezea shilingi 25. Chakula kinapikwa kwenye jiko moja kubwa makumi ya maelfu ya sahani, magari yanasambaza shule kwa shule.

Uzuri wake siubishi. Kupika kwa wingi kunashusha gharama, mnunuzi mkubwa anapata bei ambayo mwalimu wa zamu na daftari lake hawezi kuipata. Na kuna jambo la nishati ambalo kamati nyingi zinalisahau: serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kuanzia mwisho wa Januari 2024, na zile za zaidi ya 300 zikapewa mpaka Januari 2025. Shule yenye watoto 900 na mafiga matatu nyuma ya choo, hiyo agizo linaihusu. Jiko kuu linapika kwa gesi au mvuke, gharama ya kubadilisha inagawanyika kwa shule nyingi, wakati kila shule ikinunua mitungi na majiko yake peke yake wazazi wataikimbia mikutano.

Ila sasa swali la mzee. Shilingi 25 za kaunti ndo nguzo ya nyumba nzima, siku zikichelewa miezi miwili jiko linasimama au mbia anakula mtaji wake. Ghana wanajua hili vizuri. Wao walianza mpango wao wa chakula shuleni 2005 kwa kutumia wapishi binafsi, wengi wanawake, wananunua na kupika kwa hela yao halafu serikali inawalipa. Malipo yakawa karibu cedi 1 kwa mtoto kwa siku miaka mingi wakati bei sokoni zinakimbia, mpaka 2023 ndo ikapandishwa kuwa 1.20, na juu ya hapo malimbikizo ya malipo mpaka wapishi wakagoma zaidi ya mara moja. Yaani kwenye karatasi ni ubia, kwenye maisha ni mama mpishi anaikopesha serikali.

Kwetu hapa usisahau elimu bila ada. Tangu 2016 mzazi wa mtoto wa kutwa ndo mwenye jukumu la chakula cha mchana, kwa makubaliano, na mtoto hafukuzwi kwa kuwa mzazi hajachangia. Ni utaratibu mzuri lakini maana yake mapato ya jiko yanategemea hiari, na anayeziba pengo la wasiochangia lazima ajulikane kwa jina kabla sufuria la kwanza halijainjikwa. Je halmashauri imeweka kifungu kwenye bajeti, au ni ahadi ya mdomoni kwenye uzinduzi? Kama ni ahadi, mi kwa upande wangu napita.

Halafu hili nililisikia kwa Mama Kulwa, anauza wali maharage na sato wa kukaanga chini hapa barabarani karibu na reli. Nilipita nikamwambia habari ya kikao.

"Shikamoo Mama Kulwa."

"Marahaba baba. Nasikia mnaleta wapishi toka mbali."

"Bado mama, tunajadili tu."

"Haya jadilini. Asubuhi hawa wanafunzi wananunua kwangu chapati na uji, mchana walimu wanakula hapa kwa mkopo mpaka mwezi uishe. Huyo mtu wenu akishaleta chakula kwa gari, mi na wenzangu tutauza kwa nani, kwa samaki?"

Tukacheka, lakini hakuwa anatania. Kama mtachagua jiko kuu andikeni kwenye mkataba kwamba wapishi na wagawaji wanatoka kwa mama lishe wa eneo hilo hilo, wana uzoefu wa kupika kwa wingi na wanajua mtoto yupi hajala tangu jana.

Duka kwenye eneo la halmashauri

Hii haina picha nzuri, ni duka tu, labda ndo maana haisemwi. Belo Horizonte ni jiji la Brazil, mwaka 1993 chini ya meya Patrus Ananias waliweka ofisi nzima ya jiji ya mambo ya chakula. Wana migahawa ya umma, wana wakulima wanaouza moja kwa moja mjini, lakini kitu kilichonivutia ni yale maduka yao ya mboga na matunda. Jiji linampa mfanyabiashara eneo zuri, pale ambapo watu wanapita na ambapo kwa bei ya kawaida angelipa pango kubwa, na yeye anafunga mkataba kwamba bidhaa kama 20 za msingi atauza kwa bei iliyopangwa na jiji, chini ya bei ya sokoni. Zilizobaki anauza kwa bei yake mwenyewe. Na wikendi alitakiwa apeleke gari la bidhaa kwenye mitaa ya pembezoni. Programu zote za chakula za lile jiji zilikuwa zinachukua chini ya asilimia 2 ya bajeti yao, na mwaka 2009 shirika la kimataifa la World Future Council likaipa sera hiyo tuzo.

Angalia hasara ilivyogawanywa hapo. Mfanyabiashara anaumia kidogo kwenye zile 20 lakini anajifidia kwenye eneo na kwenye bidhaa nyingine, mteja anayeingia kununua unga wa bei nafuu anatoka na sabuni na betri za tochi. Halmashauri haitoi hela kila mwezi, inachoacha ni sehemu ya pango. Hakuna wa kukimbia Januari kwa sababu hakuna aliyebebeshwa yote. Kwangu hii ndo akili ya kweli ya neno ubia, na mjini kwetu halmashauri ina fremu, ina vizimba vya soko (vya soko, sio vile vya samaki vya ziwani), ina maeneo karibu na stendi, hiyo ndo hela yake iliyo tayari.

Na inamfikia asiye na mtoto shuleni. Hapa ndo jiko kuu linaposhindwa, bibi anayeishi peke yake huku juu, kijana wa bodaboda, mama mwenye kichanga, hao sahani ya shuleni hawaioni.

Sasa ubovu wake, maana upo. La kwanza "imeisha". Ukiweka bei ya unga chini ya soko, saa moja asubuhi mwenye duka mwingine anatuma vijana watano wanabeba viroba vyote, saa nne mama anafika anaambiwa imeisha njoo kesho, na jioni anaukuta unga ule ule kwenye genge la jirani kwa bei ya kawaida. Lazima kuwe na kiwango kwa mteja kwa siku, na kiwango kiwe kidogo kidogo, wauze mpaka robo kwa bei ile ile ya kilo, la sivyo mmesaidia wenye viroba tu. La pili dagaa. Huwezi kupanga bei moja ya dagaa ya miezi mitatu, mbalamwezi itawaumbua, hao waachwe nje ya orodha au bei yao ipangwe kila wiki kwa kuangalia Mwaloni. La tatu orodha yenyewe itengenezwe na wanaokula, sio ya kunakili. Kwetu iwe na sembe na dona, mchele wa kawaida, maharage, mafuta, chumvi, na udaga (unga wa muhogo) tafadhali, kuna watu huku ugali wa mahindi mtupu hawaujui, wanachanganya na muhogo na maisha yanaenda.

Na bidhaa zitoke wapi kwa bei hiyo? Njia moja ilishaonekana msimu wa 2022/23 bei zilipopaa, wakala wa hifadhi ya chakula NFRA ulitoa mahindi yakauzwa kwa bei nafuu kupitia halmashauri. Kanda yao ya Shinyanga sio mbali na sisi. Shida ile ilikuwa dharura, inakuja inaondoka, watu wanajazana siku mbili halafu basi. Duka lenye mkataba lingekuwa mlango wa kudumu wa mahindi hayo kupitia pindi yakitolewa. Njia ya pili ni kununua Juni na Julai mavuno yakiwa mengi na kuhifadhi kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, dumuzi wanakufa humo bila dawa. Hii inataka mtaji, na mtaji ndo unatuleta kwenye mikopo, nitaisema chini.

Mashine ya kusaga

Hapa nitakuwa mfupi. Karibu kila mtaa una mashine ya kusaga. Kampuni moja ya kijamii inaitwa Sanku inafunga kwenye mashine ndogo kama hizi kifaa kinachodondosha virutubishi kwenye unga unavyosagwa, madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12, na kifaa chenyewe kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu kwamba kinafanya kazi au kimekwama. Ujanja wao uko kwenye mifuko. Wananunua mifuko mitupu ya unga kwa wingi mno kwa bei ya chini, wanamuuzia mwenye mashine kwa bei ile ile ambayo angeinunua kwingine, faida ya hapo katikati inalipia virutubishi. Mwenye mashine haongezi hela, mlaji haongezi hela. Serikali nayo upande wake ni kanuni za kuongeza virutubishi, zipo tangu 2011, na maafisa lishe wa halmashauri.

Swali la mzee hapa lina jibu rahisi, bei ikipanda virutubishi havikimbii, maana vinalipiwa na mfuko na sio na mahindi. Naikubali sana. Lakini jamani tusidanganyane, hii haishushi bei ya unga hata shilingi moja. Nimesikia mtu kikaoni anasema "tukileta ile mashine njaa kwisha". Hapana. Mtoto anayekula ugali na mlenda kila siku damu yake itakuwa nzuri zaidi, ila aliyekosa unga bado kakosa. Na wale wa udaga wako nje, muhogo haupiti kwenye kifaa hicho. Chukueni kama nyongeza, karibu ni bure, msichukue kama jibu.

Kuna na vile vituo vya kukusanya chakula kinachobaki na kukigawa, Milan kule Italia walianza 2019 jiji na wafanyabiashara na chuo chao cha Politecnico na benki ya chakula, wakapata tuzo ya mazingira ya Earthshot 2021. Safi sana kwao. Hapa sokoni kwetu nyanya ya jioni inauzwa fungu la mia, iliyolainika inaenda kwa mama lishe, iliyooza kwa nguruwe, kichwa cha sangara na mifupa vina soko lao. Mabaki ya kugawa bure utayatafuta kwa tochi.

Ukiyaweka yote mezani

Mtaa wenye shule kubwa iliyo barabarani, gari linafika getini, na halmashauri imeshaandika kifungu cha fedha kwenye bajeti ya mwaka, chagueni jiko kuu na hamtajuta. Kukosa kimojawapo kati ya hivyo, hasa hicho cha bajeti, ni bora msubiri. Huku kwetu milimani gari linaishia chini, sufuria za lita mia zitapandishwa na nani?

Mtaa wa wapangaji, vibarua, wazee, watu wanaonunua kwa kupima, mi nasema duka. Hata likishindikana mmepoteza pango la fremu moja kwa miezi michache, hamjapoteza jengo. Jiko kuu likifa linabaki gofu lenye nembo, na mwaka ujao mtaliona limewekwa vyuma chakavu.

Mashine, popote ilipo, ongezeni. Mwambieni mwenye mashine tu, kikao hakihitajiki.

Sasa kuhusu hela ya kuanzia, hapa naomba akina mama wa vikoba wanisikilize kwa makini. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kuna watu watawaambia kikundi chenu ndo kiwe mbia wa duka kwa mkopo huo. Inawezekana na mi napenda wenyeji wawe wabia kuliko kampuni ya kuja na kuondoka, ila soma vizuri: mkopo ni deni, ukichukua mkopo ukauza unga kwa bei iliyopangwa chini na bei ya gunia ikapanda, aliyebeba hasara ni nyie kumi mliosaini, sio halmashauri. Kwa hiyo msikubali bei ya kudumu. Bei ipitiwe upya kila mwezi kwa kuangalia gunia linauzwaje sokoni wiki hiyo, duka libaki na punguzo lile lile chini ya soko, likipanda soko linapanda na duka, likishuka linashuka. Mteja bado anapata nafuu na nyie hamfi.

Njia nyingine ambayo vikundi vingi havijui ni tenda. Sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 ya zabuni za taasisi za umma kwa makundi maalum, wanawake, vijana, wazee, wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa vizuri na kikajiunga kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kinaweza kuuzia shule na hospitali unga na maharage. Usajili unachosha, nyaraka nyingi, intaneti inakata unaanza upya, tafuteni kijana mmoja mwenye subira mumlipe hela ya soda. Kikundi chenye duka la bei ya makubaliano na tenda moja ya shule kina miguu miwili, mwezi wa mbalamwezi na mwezi wa Januari vyote vinapita.

Na kama kweli ni mradi mkubwa, wa kujenga soko au maghala na mbia wa miaka 20, hiyo ni Sheria ya Ubia wa serikali na sekta binafsi ya 2010 na marekebisho yake ya 2014, 2018 na 2023, ina kituo chake na taratibu zake, mtaa hauisaini chini ya mwembe. Mtu akikuambia mtaa wako unaweza kusaini hiyo, mshukuru uondoke zako.

Kikao chetu kinaendelea Jumamosi hii. Wengi wameegemea duka, kuna fremu ya halmashauri karibu na kituo cha daladala imefungwa muda mrefu, mwenyekiti anafuatilia. Nimempelekea Mama Kulwa rasimu ya masharti aisome, kasoma akiwa anapepea mkaa, masharti yote nane kasema sawa sawa, bei sawa, kiwango cha kilo mbili kwa mtu sawa, udaga kafurahi. Halafu kaniomba kalamu, mikono ina mafuta ya samaki, kaandika la tisa mwenyewe chini kabisa: mizani iwe na stika ya Wakala wa Vipimo na ikae juu ya meza upande wa mteja, na kopo lolote lisionekane dukani.